Kaburi Lililofichwa: Mapenzi na Usahaulifu katika Riwaya ya Carmilla

Hadithi za kutisha hudharauliwa sana na wahakiki. Aghalabu husemwa kwamba habari za mizimu, makaburi na wanyonya damu ni za kuwatishia watoto, na kwamba mwalimu makini hana haja ya kuzipotezea vipindi vyake. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Kila jamii ina mambo inayoyaogopa, na mara nyingi yale inayoyaogopa ndiyo inayoyaficha. Basi anayetaka kuijua jamii hana budi azisikilize hadithi zake za usiku kwa makini yale yale anayozisikilizia hotuba zake za mchana. Wazee wetu walilijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana zimwi halikukosekana katika ngano zao, na ndiyo maana ngano hizo zilikuwa sehemu ya malezi.

Katika makala haya tunakusudia kuichambua riwaya fupi iitwayo *Carmilla*, iliyoandikwa na Joseph Sheridan Le Fanu wa Ayalandi. Riwaya hii ni ya mkondo uitwao wa Kigothi, mkondo ulioanza Uingereza mwaka 1764 kwa riwaya ya Horace Walpole, *The Castle of Otranto*. Hadithi za mkondo huu hupenda makasri ya kale, makaburi ya koo kubwa, na siri ambazo wazazi hawakuwaambia watoto wao. *Carmilla* inavyo vyote hivyo. Lakini inalo na jambo jingine lililowashughulisha wasomaji tangu ilipotoka: kiini chake ni mapenzi ya wasichana wawili. Dai letu ni kwamba mapenzi hayo na usahaulifu unaowazunguka wasichana hao ni jambo moja lenye nyuso mbili, na kwamba msomaji akiuondoa uso mmoja, riwaya nzima humponyoka.

Mwandishi na mazingira yake

Le Fanu alizaliwa Dublin mwaka 1814 na kufariki huko huko mwaka 1873. Baba yake alikuwa kasisi wa Kiprotestanti, na ukoo wake ulitokana na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya kidini. Alisomea sheria katika Trinity College, lakini akaishi kwa kalamu, na kwa miaka kadhaa alikuwa mmiliki na mhariri wa gazeti la *Dublin University Magazine*. *Carmilla* ilichapishwa kwanza kwa mafungu gazetini, kati ya mwaka 1871 na 1872, kisha ikaingizwa katika kitabu chake cha *In a Glass Darkly*, mwaka 1872. Ilitangulia *Dracula* ya Bram Stoker, mzaliwa mwingine wa Dublin, kwa miaka 25.

Yafaa tukumbuke Ayalandi ya siku hizo ilikuwaje. Ardhi kubwa ilimilikiwa na makabaila wachache, wengi wao Waprotestanti, ilhali wakulima walioilima walikuwa Wakatoliki maskini. Kati ya mwaka 1845 na 1852 njaa iliua watu wapatao milioni moja. Le Fanu mwenyewe alitoka upande wa wenye majumba. Alikulia katika tabaka lililoishi katika nyumba kubwa zilizokuwa zikianza kubomoka, likiwa limezungukwa na watu waliokuwa na kumbukumbu nyingine kabisa juu ya ardhi ile ile. Hadithi yake ameipeleka mbali, Styria, katika nchi ya Austria. Hata hivyo, msomaji hasumbuki kuona kwamba kasri lile la upweke msituni, lenye mabwana wanaozungumza lugha ya kigeni na kuishi kwa fedha kidogo kama wafalme, lingeweza kusimama vilevile katika wilaya yoyote ya Ayalandi.

Hadithi kwa ufupi

Laura ni msichana wa miaka 19. Anaishi na baba yake, Mwingereza aliyestaafu utumishi wa Austria, pamoja na walezi wawili wa kike. Mama yake, mzaliwa wa Styria, alikufa Laura akiwa mchanga kiasi kwamba hamkumbuki hata sura. Jioni moja, katika mbalamwezi, gari la farasi linapinduka mbele ya kasri lao. Bibi mmoja anashuka, anasema ana safari ya haraka isiyoweza kuahirishwa, na anamwacha binti yake kwa muda wa miezi mitatu. Binti huyo ndiye Carmilla. Ni mzuri, mpole na mlegevu. Hushuka chumbani mchana ukiwa umeendelea. Hataki kusema katoka wapi wala wa ukoo gani, ila kwamba jina lake ni Carmilla, ukoo wake ni wa kale na wa heshima, na nyumbani kwake ni upande wa magharibi.

Tangu afike, wasichana wa vijijini wanaanza kufa. Laura naye anadhoofika. Mwishowe Jenerali Spielsdorf, rafiki wa baba yake, aliyempoteza mpwa wake Bertha kwa namna iyo hiyo, anaifichua siri: Carmilla ni Mircalla, mwanamke wa ukoo wa makabaila wa Karnstein aliyezikwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, naye huishi kwa kunyonya damu ya walio hai. Kaburi lake linatafutwa na kupatikana, mwili unachomwa mti wa moyo, unakatwa kichwa na kuteketezwa, na majivu yanatupwa mtoni. Hapo hadithi nyingi zingekoma. Hii haikomi hapo, nasi tutaeleza kwa nini.

Nyumba isiyokumbuka

Hebu tutazame jinsi mwandishi alivyolipanga suala la kumbukumbu. Jambo la kwanza ambalo Laura analikumbuka maishani ni tukio la usiku mmoja alipokuwa na umri wa miaka kama sita. Aliamka akamwona bibi mzuri kapiga magoti kando ya kitanda chake. Bibi yule akalala karibu naye na kumbembeleza. Kisha mtoto akahisi kama sindano mbili zinamchoma kifuani. Yaliyotangulia usiku ule hayakumbuki kabisa, na yaliyofuata anayakumbuka kwa shida. Walezi walipokuja waligusa godoro wakakuta mahali palipolaliwa pana joto. Walijua basi kwamba kulikuwa na mtu. Lakini mtoto aliambiwa kwamba alikuwa akiota, na baba akacheka ili kumtuliza.

Hapa ndipo msiba ulipoanza. Laura amefundishwa tangu utotoni kutoyaamini macho yake mwenyewe. Miaka kumi na mitatu baadaye Carmilla anapofika, Laura anaitambua sura ile ile mara moja. Badala ya kukimbia, anasikiliza maelezo ya mgeni kwamba yeye naye, alipokuwa mtoto, aliota ndoto ya kumwona Laura. Kumbukumbu ya hatari inageuzwa kuwa dalili ya majaaliwa.

Nyumba nzima ina ugonjwa huo. Kuna picha za zamani zilizorithiwa kutoka ukoo wa mama, nyeusi kwa moshi na vumbi hata hazitambulikani. Fundi kutoka Graz anazisafisha, na moja inapotoka imeng'aa, inaonyesha sura ya Carmilla, pamoja na jina la Mircalla wa Karnstein na mwaka 1698. Ushahidi wote uko ukutani! Baba anaona kufanana kule, anacheka, na kuendelea kuzungumza na fundi wake. Laura anaomba picha itundikwe chumbani kwake. Tena, katika mazungumzo yayo hayo, Laura anasema kwamba yeye mwenyewe ametokana na Karnstein kwa upande wa mama. Mgeni ni jamaa yake. Methali yetu husema kikulacho ki nguoni mwako, na ni nadra kuona riwaya ya kigeni inayoitimiza methali ya Kiswahili kikamilifu hivi.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda hapa akamkumbuka mumiani. Zama za ukoloni, pwani na bara, watu walisimuliana habari za mumiani, na mahali pengine za wazimamoto, waliodhaniwa kuteka watu na kuwatoa damu kwa ajili ya wakubwa. Ulinganisho huu unafaa, mradi tuone na tofauti. Mumiani hutoka nje. Hana undugu na yule anayemwinda, na damu kwake ni bidhaa. Hadithi zake zilikuwa namna ya watu kuzungumzia utawala uliowanyonya. Carmilla hutoka ndani ya ukoo, naye hudai kumpenda anayemmaliza. Kwa hiyo hofu ya mumiani ni hofu ya watawaliwa juu ya mtawala, ilhali hofu ya Carmilla ni hofu ya tabaka la makabaila juu ya wazazi wake lenyewe.

Mapenzi ya Laura na Carmilla

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baadhi ya walimu wangependa kuliruka. Carmilla anampenda Laura, na maneno yake ni ya mpenzi: anamshika mkono, anamtazama kwa macho yanayowaka, anambusu shavuni, anamwambia kwamba wao ni kitu kimoja milele. Mwandishi hakuyaficha haya, na yeyote asomaye Kiingereza atayaona. Kusema kwamba ni urafiki wa kawaida wa wasichana ni kumpuuza mwandishi.

Lakini la muhimu zaidi ni hali ya Laura. Anasema kwamba alivutwa na kuchukizwa kwa pamoja. Kwamba alikuwa na furaha isiyoeleweka iliyochanganyika na hofu. Hana jina la jambo hilo. Katika kutafuta jina anakumbuka hadithi za vitabu vya kale, akajiuliza kama huyu si kijana wa kiume aliyejigeuza mwanamke ili apenye nyumbani mwa mpenzi wake. Dhana hiyo anaitupa, kwa kuwa haioani na anayoyaona. Tumtazame basi msichana huyu: mama hana, utoto wake ameambiwa ni ndoto, na kwa moyo wake vitabu alivyosoma havikumwachia hata neno moja. Usahaulifu wa nyumba umekuwa upungufu wa lugha.

Usiku mmoja anasikia sauti ikimwambia kwamba mama yake anamwonya ajihadhari na mwuaji. Mwanga unatokea, na anamwona Carmilla amesimama, nguo yake ya kulalia imelowa damu tangu kidevuni hata miguuni. Mwenye kumbukumbu angeelewa mara moja. Laura anaamka akipiga kelele, akiamini kwamba Carmilla ndiye anayeuawa, na anakimbia kumwokoa. Onyo la mama limefika, lakini limefika kwa mtoto asiyemjua mama na anayempenda yule anayeonywa juu yake. Hatujui tukio jingine katika riwaya hii linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mapenzi na usahaulifu vilivyofumwa pamoja.

Nani aliyekumbuka, na nani aliyeficha

Yapo maswali mawili ambayo mwanafunzi anapaswa kuyauliza kila asomapo hadithi ya siri. Nani alijua? Na kwa nini hakusema?

Wakulima walijua, au walikaribia kujua. Wasichana wao walikuwa wakifa, nao walisema ni kazi ya mashetani. Baba yake Laura alijibu kwamba maskini hawa huambukizana imani zao za ushirikina. Mwishoni ni mkata kuni mmoja msituni anayeeleza kwa nini kijiji cha Karnstein kilihamwa: wanyonya damu walikisumbua, bwana mmoja kutoka Moravia akakikomboa, kisha akaondoa alama ya kaburi la Mircalla hata pasijulikane lilipo. Katika riwaya yote, masimulizi ya mdomo ya watu wa chini ndiyo yaliyotunza ukweli ambao kasri lilikuwa limeupoteza. Sisi tuliorithi masimulizi ya namna hiyo hatuna budi kulitia alama jambo hilo.

Tena mwandishi anatupa tofauti nzito katika vifo. Wasichana wa wakulima hufa baada ya siku chache, na hatuambiwi mengi juu yao. Laura na Bertha hubembelezwa kwa majuma mengi. Tunaelezwa kwamba mnyonya damu huwavizia wachache kwa shauku inayofanana na mapenzi, ilhali wengine huwamaliza kwa nguvu, mara nyingi kwa pigo moja. Hata kaburini Karnstein ni kabaila: ana wa kupenda na ana wa kula.

Na yule bwana wa Moravia? Mzao wake, Baroni Vordenburg, anafumbua fumbo kwa karatasi alizorithi. Babu yake, alipokuwa kijana, alikuwa mpenzi wa Mircalla. Alipogundua mpenzi wake atageuka nini, alilificha kaburi ili mwili usidhalilishwe. Uzeeni aliona ubaya wa alichokifanya, akaacha maandishi na ungamo. Basi usahaulifu huu ulitengenezwa na mtu, na uliotengenezwa kwa mapenzi ya mwanamume mmoja ulilipiwa na wasichana wengi wasiojulikana.

Baba yake Laura naye anarudia kosa lilo hilo. Daktari anapogundua alama ndogo shingoni mwa Laura, anamwita baba kando. Laura anauliza ana ugonjwa gani. Anaambiwa asisumbue, atajua baada ya siku moja au mbili. Hata kaburi lilipofunguliwa yeye hakuwako. Habari za mwisho wa Carmilla anatusimulia kutoka nakala ya taarifa rasmi ya Tume ya Dola iliyobaki kwa baba yake. Ametolewa damu yeye, lakini maelezo yamo katika kabati la wanaume.

Fani

Fani ya riwaya inabeba maudhui hayo kwa uaminifu. Hadithi ina dibaji na sura 16. Katika dibaji tunaambiwa kwamba maandishi haya yalikutwa miongoni mwa karatasi za Daktari Hesselius, na kwamba mhariri alipotaka kuwasiliana na mwandikaji aligundua kuwa amekwisha kufariki. Tunaanza kusoma, basi, tukijua kwamba Laura amekufa, bila kuambiwa kwa nini. Mwanafunzi mwepesi ataipita sentensi hiyo. Akishafika mwisho na kujua kwamba walionyonywa hugeuka, na kwamba Carmilla mwenyewe aliwahi kuwa windo kabla ya kuwa mwindaji, atairudia dibaji kwa mashaka.

Angalia pia majina. Mircalla, Carmilla na Millarca, jina alilotumia kwa Bertha, yana herufi zile zile zilizopangwa upya. Mnyonya damu analazimika kubeba jina lake la zamani katika kila jina jipya. Nyumba zinasahau, yeye hawezi.

Kuna na jambo dogo ambalo wengi hawalioni. Mwanzoni Laura anasema imepita miaka minane tangu mambo haya yatokee. Mbele kidogo anasema imepita zaidi ya kumi. Huenda ni kosa la mwandishi aliyetoa kazi yake kwa mafungu. Hata hivyo, katika riwaya ya msichana aliyefundishwa kutoamini kumbukumbu zake, kosa hilo limekaa mahali pake.

Udhaifu wa kazi hii

Sifa hizi hazituzuii kuona kasoro. Kasoro kubwa ni kwamba Le Fanu hakuweza kuyawaza mapenzi ya wanawake wawili ila katika umbo la jinamizi. Alimpa Carmilla maneno matamu, kisha akampa meno. Kwa njia hiyo jamii ya wakati wake iliweza kulisoma jambo hilo gazetini bila kulikubali, na kulihukumu kwa mti na shoka bila kulijadili. Waandishi wengi waliofuata waliiga mfano huo, hata ikawa desturi katika riwaya na sinema kwamba mwanamke apendaye mwanamke aonekane kama mla watu. Mhakiki anapaswa kulisema hili wazi: kumfanya mtu zimwi ni kazi ya kalamu, na kalamu ina mwenyewe. Kadhalika wakulima hawapewi nafasi ya kusema yao ila pale kasri linapowahitaji.

Lakini msanii bora huandika kuliko anavyokusudia. Baada ya kaburi kuteketezwa, Laura anapelekwa Italia kwa zaidi ya mwaka ili asahau. Hasahau. Sura ya Carmilla humrudia kwa namna mbili: mara msichana mchangamfu na mzuri, mara pepo aliyemwona kanisani palipobomoka. Na mara nyingi, akiwa amezama katika mawazo, hudhani anasikia nyayo zake nyepesi mlangoni. Kwa taswira hiyo riwaya inafungwa. Dola imetoa hukumu na wazee wametia sahihi, na bado yeye anasikiliza mlangoni. Kama tungeyaondoa mapenzi katika masomo yetu, ukurasa huu wa mwisho usingekuwa na maana yoyote.

Hitimisho

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika *Carmilla* mgeni anakuja na mwenyeji anaangamia, kwa sababu mwenyeji hakujua kwamba mgeni ni wa nyumbani. Kila aliyemficha Laura jambo alifanya hivyo kwa kumhurumia: walezi walioita jambo la kweli ndoto, baba aliyecheka, daktari aliyenong'ona kando, na yule mpenzi wa kale aliyeondoa alama ya kaburi. Huruma zote hizo zilikusanyika zikawa mlango ambao kifo kilipitia.

Hilo ndilo tungependa walimu walichukue. Mwalimu anayeifunga sura fulani ya kitabu ili kuwakinga wanafunzi wake anashika nafasi ya baba yake Laura, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Si lazima wanafunzi wote wafikie uamuzi mmoja juu ya mapenzi haya. Kazi ya somo la fasihi ni kuwafundisha kusoma kilichoandikwa, kukitaja kwa jina, na kuuliza nani alikiandika hivyo na kwa faida ya nani. Waulizwe: ni picha gani zilizo nyeusi kwa moshi katika nyumba zetu wenyewe? Na ni mkata kuni gani kijijini, mzee asiyesikilizwa, anayejua kaburi liko wapi?